Mgeni anatoka Vigan, Ufilipino: nimwonyeshe nini hapa Iringa kwa siku mbili?

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene, ndugu zangu wa Iringa na majirani wa Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kihesa. Mwezi ujao nitampokea rafiki yangu Mfilipino, mtaalamu wa umwagiliaji ambaye kwa muda sasa yuko kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu. Nilipomwuliza kwao ni wapi hasa, alinitajia Vigan, makao makuu ya mkoa wa Ilocos Sur kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, kisha akanionyesha kwenye simu picha ya mtaa uliotandikwa mawe, wenye nyumba ndefu za zamani pande zote mbili na gari la farasi likipita katikati. Akaniambia kwamba mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1999. Nami aliponiuliza mji wetu una nini, nilimjibu haraka kwamba tuna Hifadhi ya Ruaha. Alicheka kwa adabu, akasema hakuwa ameuliza habari za tembo.

Nina maswali mawili. Kwanza, kama yupo kati yenu aliyewahi kufika Vigan, naomba anieleze kuna nini huko zaidi ya ule mtaa wa kwenye picha, ili nijue mgeni wangu amezoea kuona nini anapoambiwa kwamba mahali ni pa kihistoria. Pili, kwa Jumamosi na Jumapili, tukiwa na daladala na bajaji tu bila gari la kukodi, nimpeleke wapi na kwa mpangilio gani? Mimi nilifikiria kuanzia hapa mjini. Nauliza mpangilio kwa sababu mwaka juzi nilimpeleka mgeni mwingine kwenye kituo kimoja cha kumbukumbu, tukamkuta mlinzi peke yake, na ufunguo ukawa kwa mtu aliyekwenda msibani. Tulichungulia dirishani, tukarudi.

Mama Mpunga, Uyole

Mwalimu, habari za Iringa. Mimi ni mtafiti wa mbegu, na miaka kadhaa iliyopita nilikaa Los Baños, kusini mwa Manila, kwa mafunzo ya mpunga. Wenzangu walinichukua siku nne kwenda Vigan. Ni safari ya basi la usiku, kilomita kama 400 kutoka Manila, na unafika asubuhi mifupa ikiwa imechoka, mithili ya mtu aliyetoka Dar es Salaam kuja Mbeya.

Mtaa aliokuonyesha unaitwa Calle Crisologo. Magari yamepigwa marufuku humo. Wanapita watu na magari ya farasi, ambayo huitwa kalesa. Ukitaka kuuelewa mtaa huo usiangalie mawe ya chini tu, bali inua macho kwenye nyumba. Ghorofa ya chini ni ya matofali na mawe, kuta zake nene kama za ngome, na hapo ndipo mfanyabiashara alipoweka gari lake na bidhaa zake. Ghorofa ya juu ni ya mbao, ndiko familia ilikoishi. Madirisha ya juu hayana kioo. Yametengenezwa kwa vipande vidogo vya mraba vya gamba la chaza mwembamba, wanaloliita kapis, vilivyopangwa kwenye fremu za mbao, na mwanga unaopenya una rangi ya maziwa. Chini ya dirisha kuna dirisha jingine dogo lenye nondo au nguzo za mbao, ambalo hufunguliwa ili upepo upite karibu na sakafu. Nilikaa katika chumba cha namna hiyo saa nane mchana, nje jua linachoma, nami sikuhitaji feni.

Walijenga hivyo kwa sababu ya matetemeko ya ardhi na joto, na pia kwa sababu wenye nyumba wengi walikuwa wafanyabiashara wa uzao mchanganyiko wa Kichina na wa wenyeji, waliotajirika kwa biashara ya nguo, nila na tumbaku. Wachina walikuwa wakifika kwenye mto ule kabla Wahispania hawajaja. Juan de Salcedo, kijana wa Kihispania, aliuanzisha mji wa kikoloni mwaka 1572 na kuuita Villa Fernandina, kwa heshima ya mtoto wa mfalme wake. Hilo jina la kifalme halikudumu. Lililodumu ni Vigan, ambalo wenyeji hulihusisha na bigaa, mmea wa jamii ya magimbi uliokuwa ukiota kando ya mto. Salcedo mwenyewe alifariki mwaka 1576, akiwa hajafikisha hata miaka 30.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa nje ya mtaa huo maarufu. Kuna karakana za mitungi wanayoiita burnay. Udongo unamwagwa chini, kisha nyati wa kufugwa anazungushwa juu yake akiukanyaga mpaka ulainike, halafu mfinyanzi anauinua kwenye gurudumu na kuupeleka kwenye tanuri refu la matofali lililolala ardhini kama nyoka. Mitungi hiyo si pambo la watalii, maana ndiyo inayochachushia siki ya miwa, dagaa wa chumvi na pombe ya miwa iitwayo basi. Nilipoiona niliwakumbuka kina mama wa Kikisi wa Ikombe, kule Matema, wanaofinyanga vyungu bila gurudumu na kuvileta mnadani kwa mitumbwi. Tofauti niliyoiona ni kwamba Vigan mtalii anaelekezwa kwa mfinyanzi siku ya kwanza, wakati huku kwetu anakutana naye kwa bahati.

Jioni watu hukusanyika kwenye uwanja wa Burgos kula empanada, ambayo ni kama sambusa kubwa yenye ngozi ya unga wa mchele ya rangi ya chungwa. Ndani kuna papai bichi lililokunwa, yai zima na soseji yenye kitunguu saumu kingi. Soseji ile ni ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu na waagize ya mboga na yai. Inachovywa kwenye siki ya miwa, na ikipoa haina ladha tena.

Mstaafu wa Gangilonga

Mwalimu, nimesoma maelezo ya Mama Mpunga kwa furaha. Nami nilikuwa mwalimu wa historia kabla ya kustaafu. Kosa lako dogo, kama utaniruhusu, ni kufikiri kwamba utamwanzishia mgeni hapa mjini. Mwanzishie Kalenga.

Sababu ni hii. Mji tunaoishi leo, huu wa juu ya ukingo unaotazama Ruaha Mdogo, ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896. Iringa ya kwanza ni Kalenga, na jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijenga pale boma la ukuta wa mawe, ambalo Wajerumani walilishambulia kwa mizinga na kulitwaa tarehe 30 Oktoba 1894. Baada ya kuivunja ngome walichukua jina lake wakalipandisha mlimani kwenye kituo chao kipya. Huko Vigan jina la mkoloni lilikufa, la wenyeji likabaki. Hapa kwetu jina la ngome lilibaki, ila likahamishwa makazi. Mgeni wako akilijua hilo Jumamosi asubuhi, kila jengo la Kijerumani atakaloliona jioni litakuwa na maana.

Kalenga ni kilomita kama 15 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda hifadhini, na daladala zipo. Makumbusho ni nyumba ndogo, na mtu asiyeandaliwa anaweza kuimaliza kwa dakika kumi akatoka bila kitu. Mwandae. Mwambie kwamba Mkwawa alipigana na Wajerumani tangu Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, ambako kikosi cha Emil von Zelewski, aliyepachikwa jina la Nyundo, kilivamiwa porini na kamanda mwenyewe akauawa. Mwambie kwamba baada ya Kalenga kuanguka, Mtwa alikaa porini karibu miaka minne, watu wake wakimficha na kumlisha, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe hai. Wajerumani walikata kichwa chake kikapelekwa kwao.

Halafu mwonyeshe fuvu. Limo ndani ya sanduku la kioo, na ukilisogelea utaona mahali mfupa ulipovunjika. Fuvu hilo lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alilitafuta mwenyewe katika makumbusho ya Bremen miongoni mwa mafuvu mengi, akitumia vipimo vilivyolinganishwa na vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na likakabidhiwa kwa Wahehe tarehe 19 Juni 1954. Aliyelipokea, Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ndiye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Huwa nawaomba wageni wakae kimya kidogo pale, na sijawahi kumpata aliyekataa.

Mchana rudini mjini. Nendeni kwenye Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo baadaye lilikuwa ofisi za utawala, na tangu 2016 ni makumbusho ya historia na utamaduni wa watu wa kusini. Kutoka hapo mnaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, ambamo wa upande wa Uingereza na wa Ujerumani wamelazwa katika uwanja mmoja. Saa kumi na moja jioni pandeni Gangilonga, yaani jiwe linalosema. Inasimuliwa kwamba Mtwa alikuwa akipanda pale kutafakari, na kwamba ndipo alipopata habari za kuja kwa Wajerumani. Jiwe ni kubwa, kupanda kwake ni kwepesi hata kwa magoti yangu, na mji wote unauona chini.

Msafwa wa Mjini

Shikamoo Mzee, na wengine wote salamu. Naomba nipingane kidogo. Hivi kwa nini tunapimana na mji ambao sifa yake kuu ni nyumba za matajiri wa enzi za Wahispania na kanisa kuu la kikoloni? Kama kipimo ni uzee, basi Iringa ina Isimila, na pale hakuna mji wa Kihispania unaoweza kufua dafu. Nilifika mwaka jana nikitokea Mbeya. Unashuka kwenye barabara kuu, kilomita kama 20 kabla ya mjini, unatembea kidogo. Korongoni kuna mashoka ya mawe yametapakaa chini, na wataalamu waliyakadiria kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Mengine ni makubwa kiasi kwamba unajiuliza mkono gani uliyashika. Yaligunduliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ulifanyika 1957 na 1958. Wachimbaji walipata pia mifupa ya aina ya kiboko iliyokwisha kutoweka duniani, ambaye macho yake yalitokeza juu ya kichwa, pengine ili aone akiwa amezama majini. Mahali pale palikuwa ziwa dogo. Leo ni vumbi jekundu.

Ukivuka upande wa pili unakuta nguzo za udongo na mawe zilizochongwa na maji ya mvua, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa. Fikeni asubuhi na mapema au alasiri, kwa sababu mchana korongo huwa kama tanuri.

Malalamiko yangu ni juu ya maelezo. Katika kituo kimoja cha kusini, sitakitaja, kiongozi alinisomea maneno aliyoyakariri, nami nilipouliza swali nje ya hayo alirudia sentensi ileile tangu mwanzo kama redio ya kaseti. Simlaumu yeye. Hakuna aliyemfundisha zaidi ya hapo. Na huku kwetu Kimondo cha Mbozi, ambacho ni miongoni mwa vimondo vikubwa zaidi duniani, nimewahi kuona watu wakikipanda na kupiga picha kama wako juu ya kichuguu.

Mama Mpunga, Uyole

Ndugu Msafwa, hoja yako ya ukoloni ni ya haki, na Wafilipino wenyewe wanaizungumza. Lakini Vigan si nyumba za matajiri tu. Diego Silang aliutwaa mji ule mwishoni mwa 1762 katika uasi dhidi ya Wahispania, akauawa mwezi Mei 1763, na mkewe Gabriela akachukua uongozi wa mapigano. Walipomkamata walimnyonga hadharani Vigan mwezi Septemba mwaka huohuo. Mzee akimsimulia mgeni habari za Mkwawa, sioni shaka mgeni atamtaja Gabriela.

Kisha kuna uasi wa 1807, uliochochewa na serikali kuhodhi biashara ya ile pombe ya basi na kuwazuia watu kujitengenezea. Mchoraji Esteban Villanueva aliusimulia mwaka 1821 katika picha 14, moja baada ya nyingine, na picha hizo zimehifadhiwa pale Vigan. Mjini humo kuna pia makumbusho yaliyo kwenye nyumba ya Padre José Burgos, aliyezaliwa mjini hapo na kunyongwa na Wahispania Manila mwaka 1872. Pembeni yake kuna gereza la zamani la mkoa, ambalo nalo ni makumbusho. Humo ndani ya gereza alizaliwa Elpidio Quirino mwaka 1890, kwa sababu baba yake alikuwa mkuu wa gereza, na Quirino akaja kuwa Rais wa sita wa nchi hiyo. Kwa hiyo nyumba ya mtu aliyeuawa na Wahispania na gereza alimozaliwa rais vinapakana, na tiketi unakata kwa hatua chache tu.

Nikujibu pia kuhusu umbali, maana ndiyo tofauti halisi. Kule karibu kila kitu kiko ndani ya mji mdogo wa watu elfu hamsini na kidogo, na mnara wa kengele wa Bantay, uliojengwa juu ya kilima mbali kidogo na kanisa lake, uko mji wa jirani unaofikika kwa dakika chache. Hapa kwetu Lugalo iko barabara ya Morogoro, Kalenga iko njia ya hifadhini, Mlambalasi iko mbele zaidi kwa njia hiyohiyo, Isimila iko barabara ya Mbeya. Mtwa hakupigana kwa kumrahisishia mtalii. Ndiyo maana mpangilio aliouliza Mwalimu ni swali zuri kuliko linavyoonekana.

Wala msidhani kule hakuna taabu. Tetemeko la Julai 2022, la kipimo cha 7.0, lilibomoa sehemu ya mnara huo wa Bantay na kuharibu nyumba kadhaa za urithi. Rafiki yangu wa huko aliniandikia kwamba kazi ngumu ilikuwa kuwapata mafundi wanaojua kuchanganya chokaa kwa namna ya zamani.

Binti Milulu

Naongeza jambo moja tu, nikiwa mfumaji. Mwalimu, usimtoe mgeni mjini bila kupita soko kuu upande wa vikapu. Vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu, nyasi za majini, zinazokaushwa kwanza, kisha baadhi hupakwa rangi na nyingine huachwa na rangi yake. Mwombe muuzaji akigeuze kikapu akuonyeshe kitako, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoanzia. Kikiwa kimesukwa kwa haraka, mistari ya kitako haikutani katikati. Kama mgeni ni mtu wa Vigan, kwao kuna wafumaji wa kitambaa cha pamba kiitwacho abel, kwa hiyo jicho lake litaliona kosa hilo kabla yako.

Na kama mtapata nafasi, nendeni Neema Crafts, ambayo tangu 2003 inaajiri mafundi wenye ulemavu. Mimi nilijifunza mengi kwa kuwatazama tu.

Mwalimu wa Kihesa

Nawashukuru sana, hasa Mzee Mstaafu kwa kunisahihisha. Nimepanga hivi. Jumamosi alfajiri Kalenga, na leo mchana nimekwenda mwenyewe kuuliza ufunguo unakaa kwa nani, nikaambiwa tufike kabla ya saa nne. Mchana Boma na makaburi, jioni Gangilonga. Jumapili asubuhi Isimila, kisha tukirudi tushukie Ipogolo, tupande bajaji hadi sokoni kwa ajili ya vikapu. Lugalo nimeiacha kwa sababu itamkuta njiani siku atakaposafiri kwenda Dar es Salaam. Nitamwambia akae upande gani wa basi.

Ndugu Msafwa, kuhusu maelezo yaliyokaririwa, nimeamua Kalenga nitamsimulia mwenyewe, na leo jioni nimeanza kuyaandika kwenye daftari. Nimekwama mahali pamoja. Mzee, wale waliomficha Mtwa kwa miaka minne walikuwa wakimpelekea chakula gani porini? Najua mgeni atauliza, kwa sababu huuliza habari za chakula kwanza.

Mstaafu wa Gangilonga

Mwalimu, bibi yangu alikuwa akisimulia ugali wa ulezi na maziwa, lakini hayo ni ya jikoni kwetu, usiyaweke kwenye daftari kama historia. Pitia nyumbani Ijumaa jioni. Kuna mzee mwenzangu wa Kalenga atakuwa hapa, na yeye husimulia kwa Kihehe, kwa hiyo njoo na kalamu mbili.